Thomu ya Maua: Namna ya Kuipanda Mombasa na Kuitunza Miaka Mingi

Jioni moja nilikuwa uani napunguza majani ya ua hili, jirani yangu akasimama mlangoni. Ni mama mtu mzima, mpishi hodari, na pua yake haidanganyiki. Akaniuliza, "Mwanangu, mwapika nini leo? Thomu yanukia mpaka njiani." Nikamjibu, "Si jikoni, mama. Ni hili ua." Hakuamini mpaka nilipomkatia jani moja, akalisugua kwa vidole na kulinusa. Kisha akatazama maua yenyewe, ya zambarau hafifu, yamesimama juu ya vijiti vyembamba kama nyota zilizofungwa pamoja, akasema haijapata kumpitikia kwamba kitu chenye harufu ya jikoni chaweza kuwa na sura hiyo.

Jina lake la kitaalamu ni Tulbaghia violacea. Liandike mahali, maana ndilo utakaloulizia kwa wauza miche. Asili yake ni Afrika Kusini, hasa Rasi ya Mashariki na KwaZulu-Natal. Jina Tulbaghia lilitolewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, kwa heshima ya Ryk Tulbagh, Mholanzi aliyekuwa gavana wa koloni la Rasi (Cape) huko Afrika Kusini kuanzia 1751 hadi 1771 na ambaye alikuwa akimpelekea mimea. Wazulu walikuwa wakiijua na kuitumia kabla ya gavana yeyote: wameipanda kuzunguka nyumba zao kwa imani kwamba nyoka huchukia harufu yake, na majani yake wameyala kama mboga. Ni ya ukoo mmoja na kitunguu maji na kitunguu thomu. Mimi huiita thomu ya maua, na ndivyo nitakavyoiita hapa.

Haifi baada ya msimu mmoja. Ukiipanda vizuri itakaa miaka, kila mwaka kichaka kikinenepa, na Mombasa kusiko na baridi majani yake hubaki mabichi mwaka mzima. Majani ni membamba, marefu kiasi cha sentimita 30, ya kijani chenye kijivu. Kijiti cha ua hupanda hadi sentimita 50 au 60, na juu yake hufunguka maua manane mpaka ishirini, si yote kwa siku moja, ndiyo sababu kijiti kimoja hupendeza kwa muda mrefu.

Jambo moja nakuomba ulishike kabla hujanunua mche, hata kama utasahau mengine yote: Mombasa thomu ya maua haiuawi na kiu. Inauawa na maji yaliyotuama. Chini ya udongo ina vitunguu vyembamba na mizizi minene inayoweka akiba ya maji, na akiba hiyo ndiyo inayoivusha jua la kaskazi la Januari hadi Machi. Lakini akiba hiyo hiyo ikilowa juma zima katika udongo wa moto na usiopumua, huoza. Mimi nilipoteza kichaka changu cha kwanza mwezi wa Mei. Nilikiweka katika chungu kizuri cha simenti, nisiangalie kwamba chini hakina tundu. Masika yalipopamba moto majani yakaanza kulala upande, nikadhani upepo. Nilipoyavuta yakatoka mkononi bila kupinga, na shingo zake zilikuwa laini kama muhogo uliochemka kupita kiasi, zikitoa harufu ambayo si ya thomu tena. Kila ninachoandika hapa chini kimetokana na kile chungu.

Kupata mche, na kuujua

Tembelea vitalu vya kando ya barabara kule Nyali, Bamburi na Shanzu. Ukitaja jina la kitaalamu na muuzaji asilijue, mwombe majani membamba yanayonuka thomu, atakuelewa. Miche mingine huletwa kutoka bara kwenye ubaridi. Hiyo usiitoe moja kwa moja juani. Ikae siku kumi penye kivuli chepesi ipate kulizoea joto letu.

Usinunue kabla ya kuvunja ncha ya jani na kuinusa. Bustani za pwani zimejaa mimea ya ukoo huu wa maua inayofanana nayo na ambayo ni sumu: yale maua madogo ya waridi au meupe yanayochipuka ghafla baada ya mvua yana majani membamba karibu sawa kabisa, na mayungiyungi meupe makubwa yana vitunguu vinavyomdhuru anayevila. Hayo hayanuki thomu. Lakini angalia: ukishavunja jani la thomu ya maua, vidole vyako vitanuka kwa saa nzima, na kila utakachokigusa baadaye utadhani ndicho. Nawa mikono kati ya mche na mche, au mpe mwenzako anuse.

Kisha inua mche utazame chini ya kiriba. Mizizi iwe myeupe na migumu. Bonyeza shingo, pale majani yanapotokea kwenye udongo. Ikibonyea, rudisha mche mahali pake. Kama unachagua kati ya mche mmoja mkubwa na midogo mitatu kwa bei ile ile, chukua ule mkubwa, kwa sababu ukiugawa utapata mitatu au minne yenye nguvu. Ipo pia aina yenye mistari myeupe kwenye kingo za majani, inayouzwa kwa jina Silver Lace. Ni nzuri sana penye kivuli kidogo, lakini hukua polepole, nami nisingeanza nayo.

Mahali: jua kwanza, upepo wa pili

Inataka jua la saa sita kwa siku au zaidi. Kivulini itaishi, itatoa majani marefu yaliyolegea, na maua utayasikia kwa wengine. Ukiwa na ukuta uliopakwa chokaa, acha nafasi ya sentimita 30 hivi kati yake na mstari wa maua, maana ukuta mweupe hurudisha joto la mchana na kuyachoma majani ya upande wake.

Sasa upepo. Harufu hutoka hasa jani linapovunjika, lakini hata ukipita ukaligusa kwa kanzu, au ukimwagilia, utaisikia. Wengine tunaipenda. Hata hivyo si harufu ya kuchanganya na asmini, wala ya kumpokelea mgeni aliyekuja kunywa kahawa barazani. Kusi hutupiga kutoka kusini kuanzia Aprili mpaka karibu Oktoba, na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba mpaka Machi. Tazama dirisha la chumba cha kulala linaelekea wapi, na baraza iko wapi, halafu usiipande mahali ambapo mojawapo ya pepo hizo itaibeba harufu na kuiingiza ndani. Mimi nimeiweka pembeni mwa njia itokayo jikoni kwenda kwenye kamba ya nguo, na asmini iko upande wa pili wa uwanja wa nyumba, mbali kabisa.

Watu huniuliza kama inafukuza mbu. Usitoe chandarua kwa sababu yake. Na habari ya nyoka nimeieleza kama imani ya wenyewe Wazulu. Mimi sijaijaribu wala sikuahidi.

Udongo

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo usiharakishe. Mombasa haina udongo mmoja. Kisiwani, Nyali na Bamburi chini kuna mwamba wa matumbawe, na juu yake udongo mwembamba wenye chokaa nyingi. Karibu na ufuo ni mchanga mtupu. Ukivuka kwenda Changamwe, Mikindani na Miritini unakutana na udongo wa mfinyanzi unaoshika maji na kupasuka ukikauka.

Pima hivi. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, mwaga ndoo ya maji, yaache yanywewe, kisha mwaga ndoo ya pili. Ikiisha ndani ya saa moja au mbili, mahali panafaa. Ukirudi asubuhi ukakuta maji yangalimo, usipande chini kabisa. Jenga tuta la kuinuka sentimita 20 au 25, ulizungushie mawe ya matumbawe au matofali, na ulijaze mchanganyiko utakaouandaa mwenyewe.

Mchanganyiko wangu ni makopo mawili ya udongo wa bustani, kopo moja la mchanga wa chembe kubwa, na kopo moja la mboji iliyokomaa. Mchanga uwe wa mto. Ukiona ndani yake vipande vya makombe au vijiganda vya kaa, huo umetoka baharini na una chumvi, uache. Vumbi la machimbo ya mawe nalo liache, kwa sababu litaongeza chokaa kwenye udongo ambao tayari unayo ya kutosha. Mboji unaweza kuitengeneza kwa majani makavu ya mwarobaini, maganda ya jikoni na samadi ya mbuzi ya zamani. Ukitaka kutia makumbi yaliyochambuliwa, yaloweke kwanza katika maji matamu na kuyamwaga mara mbili au tatu, maana nayo mara nyingi hubeba chumvi.

Chokaa ikizidi, utaijua kwa majani machanga: yanakuwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Dawa yake ni mboji, tena mboji. Aliyepita Haller Park pale Bamburi ameona jambo hili kwa ukubwa wake. Yalikuwa machimbo ya matumbawe yaliyobaki uchi, na kuanzia 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller akapanda mivinje juu ya mwamba ule, majani yaliyoanguka yakaliwa na majongoo, na uchafu wao ukawa udongo wa miti mingine. Kama pale paliota msitu, uani kwako patakubali kichaka cha maua.

Wanaokaa ghorofani wasivunjike moyo. Mtungi wa lita 20 uliopasuka, ukikatwa nusu, unatosha vichaka viwili. Toboa matundu sita au manane chini, kila moja upana wa kidole. Weka vipande vya vigae au kokoto kwa unene wa vidole viwili tu, jaza mchanganyiko ule ule ukiongeza kopo nusu la mchanga, na uinue chombo juu ya mawe mawili ili maji yapate njia. Usikiweke ndani ya sahani inayokusanya maji. Sahani ile ndiyo chungu changu cha simenti kwa sura nyingine.

Kupanda

Usipande Aprili wala Mei. Najua kila kitu kingine watu hukipanda masika, lakini mche uliokatwa mizizi hivi karibuni hauwezi kuhimili mvua ile. Miezi niipendayo ni Julai mwishoni na Agosti, wakati kusi inaleta ubaridi na manyunyu tu. Nafasi ya pili ni mwanzo wa vuli, Oktoba.

Toa mche kwenye kiriba jioni, jua likishalegea. Kama mizizi imezunguka kama kamba, ifungue kwa vidole. Gawa kichaka ikiwa ni kikubwa, kila kipande kibaki na machipukizi matatu mpaka matano, na ukate majani yabaki sentimita 10 au 15 ili mizizi isilemewe. Vipande ulivyovigawa visiingie udongoni siku hiyo. Vilaze kivulini penye hewa siku moja au mbili, vidonda vikauke.

Chimba shimo linaloenea mizizi ikiwa imenyooka. Shingo iwe sawa na uso wa udongo, au iinuke kidogo. Ukiizika shingo umeifungulia uozo mlango. Acha sentimita 30 kati ya kichaka na kichaka ukitaka kila kimoja kionekane, au 20 ukitaka mstari ufunge upesi kando ya njia. Kandamiza kwa kiganja, si kwa mguu, na umwagilie mara moja ili udongo ukae.

Funika udongo kwa majani makavu au vipande vya makumbi, unene wa vidole viwili. Vifuniko hivyo visiguse shingo. Acha duara tupu la vidole vitatu kuzunguka kila kichaka. Msimu wa masika ukikaribia, viondoe kabisa mpaka mvua zipite.

Maji, kwa anayeyanunua kwa mtungi

Tunajua maji ya mfereji yalivyo hapa: leo yapo, kesho unamsubiri wa mkokoteni. Thomu ya maua inaelewana na hali hiyo kuliko maua mengi niliyowahi kuyatunza. Majuma sita ya mwanzo mwagilia mara mbili kwa juma, au mara tatu kama hakuna hata manyunyu. Baada ya hapo, iliyo ardhini inatosheka na mara moja kwa juma wakati wa kaskazi, lita mbili kila kichaka. Mstari wa mita tatu wenye vichaka kumi unamaliza mtungi mmoja wa lita 20. Ikikosa juma la pili haitakufa. Itapunguza maua na kukunja majani, kisha itarudi. Iliyo kwenye chombo hukauka upesi zaidi, itazame kila baada ya siku mbili au tatu. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Ukisikia ubichi, ondoka na kopo lako.

Masika ikianza, acha kabisa. Vyombo visogeze chini ya upenu.

Maji ya kisima ya maeneo mengi ya kisiwani yana chumvi. Ukiyatumia mara moja moja mmea utavumilia, ila ukiyatumia kila siku ncha za majani zitakauka na kuwa rangi ya kahawia, na juu ya udongo utaona utando mweupe. Changanya na maji matamu, na mvua ya kwanza kubwa ya vuli iache ioshe udongo vizuri. Kuna maji mawili ya bure ambayo watu huyamwaga: yanayodondoka kutoka kiyoyozi, ambayo hayana chumvi hata chembe, na yale ya kuoshea mchele. Weka ndoo chini ya bomba la kiyoyozi usiku mmoja utashangaa. Maji ya sabuni ya kufulia yapeleke kwingine.

Kuitunza

Kijiti kilichomaliza maua kikate chini kabisa, kingine kitoke. Majani ya manjano yavute kwa mkono. Mbolea isizidi: konzi moja ya samadi ya mbuzi iliyooza kwa kila kichaka, mara mbili kwa mwaka, Agosti na Oktoba. Niliwahi kuona kichaka kinene cha kupendeza, chenye majani tele bila hata kijiti kimoja cha ua. Mwenyewe alikuwa akikitilia samadi ya kuku kila mwezi.

Maadui si wengi. Konokono wakubwa wa mvua ndio wasumbufu, hutafuna vijiti vichanga usiku. Toka na tochi baada ya isha uwaokote. Usiwamwagie chumvi, utaua ua pamoja nao. Majongoo waache, hawana kosa, wanakutengenezea udongo. Vidukari wakijikusanya kwenye vichwa vya maua, wapige kwa maji ya shinikizo asubuhi.

Ukitaka kupanda kwa mbegu, acha vijiti viwili vikauke. Vifuko vikipasuka utaona mbegu nyeusi bapa. Zisie zikiwa mbichi katika trei yenye mchanganyiko laini, uzifunike kidogo tu. Miche yake ni kama nyasi, usije ukaipalilia kwa bahati mbaya, na utaisubiri miaka miwili au mitatu kabla ya ua la kwanza. Ile ya mistari myeupe haitoki sawa na mama yake kwa mbegu, lazima igawanywe.

Jikoni

Majani machanga yakatekate madogo, uyatie kwenye kachumbari au mayai. Ninavyoyapenda hasa ni juu ya mbaazi za nazi, yanyunyizwe sufuria ikishatoka motoni, kwa sababu yakipikwa harufu huondoka. Maua nayo huliwa, ni ya ukali wa upole, na sahani ya kachumbari iliyopambwa nayo huulizwa na kila mtu. Tumia kidogo kidogo kama kiungo. Watu wa Afrika Kusini huitumia kama dawa ya homa na kifua, lakini kuinywa kwa wingi huumiza tumbo, kwa hiyo usiwachemshie watoto kwa kukisia. Paka na mbwa wasile kabisa, maana jamii ya vitunguu huwadhuru damu.

Mwaka wa tatu

Kichaka kikijibana katikati na maua kupungua, kigawe. Agosti, siku moja baada ya kumwagilia, zungusha uma wa bustani kwa umbali wa shubiri kutoka kwenye shingo, inua tonge zima, likung'ute, kisha livute kwa mikono miwili. Hujiachia lenyewe kwa sauti ya nyuzi zinazokatika, na uani kote kutanuka. Vipande vya pembeni ndivyo vyenye nguvu. Vya katikati, vilivyozeeka na kuwa vigumu, vitie kwenye mboji. Kichaka kimoja cha miaka mitatu kilinipa vipande kumi na vinne.

Vinne nilimpelekea yule mama, nimevifunga kwenye gazeti kavu, si kwenye mfuko wa nailoni. Alitaka kuvipanda papo hapo. Nikamwomba, "Mama, visubiri mpaka kesho kutwa, vidonda vikauke. Na kile chungu chako cha kibarazani, kwanza nikitoboe."